Chembe za Angani, kutoka Asmara hadi Ngomeni

Bruno Rossi alikuwa na umri wa miaka 28 alipofika Asmara mwaka 1933, akiwa na mwenzake Sergio De Benedetti. Asmara iko kwenye nyanda za juu za Eritrea, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na wakati huo ilikuwa chini ya ukoloni wa Italia. Waitalia wengi waliokwenda huko zama zile walifuata ardhi, biashara au kazi ya serikali. Hawa wawili walifuata kitu kisichoonekana. Walibeba mirija ya Geiger (hulia ikipitiwa na chembe), valvu kama zile za redio za zamani, na fremu ya kuinamisha mirija ili ielekee mara magharibi, mara mashariki. Walitaka kujua chembe zinazomiminika kutoka angani zinatokea zaidi upande upi.

Naandika haya nikiwa Ngara, mkoani Kagera, Tanzania, ambako nimestaafu baada ya miaka mingi ya kubeba vyombo vya wajiolojia katika vilima vya huku na vya Biharamulo. Wajukuu wangu wanasoma fizikia sekondari. Katika madaftari yao habari za atomu zinaanzia Uingereza, zinapita Ujerumani na kuishia Marekani. Hayo ni kweli kwa sehemu kubwa, ila kuna pengo linaloniuma. Mara mbili katika karne iliyopita elimu hiyo ilishuka hadi karibu na ikweta, upande wetu huu wa Afrika, kwa sababu maswali yake yalihitaji anga la huku. Nataka wajukuu walijue hilo, na majirani pia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 chombo cha kupimia mionzi kilikuwa elektroskopu. Ni kopo lililofungwa, ndani yake mna vipande viwili vyembamba vya dhahabu au nyuzi mbili. Ukizipa chaji ya umeme zinasukumana na kuachana. Mionzi ikipita kwenye hewa iliyomo, chaji inavuja na nyuzi zinarudiana taratibu. Kilichowasumbua watu ni kwamba chaji ilivuja hata pale ambapo hapakuwa na jiwe lolote la mionzi karibu. Wengi walisema ni ardhi yenyewe, kwa kuwa kila mwamba una chembechembe za urani na thori. Mwaka 1910 padri Mjesuti Theodor Wulf alipandisha chombo chake juu ya mnara wa Eiffel mjini Paris. Mionzi ilipungua, lakini si kwa kiasi ambacho kingetarajiwa kama yote ingetoka chini.

Mwaka uliofuata Mtaliana Domenico Pacini alifanya kinyume chake. Badala ya kupanda, alizamisha chombo baharini karibu na Livorno, kisha katika ziwa Bracciano, mita tatu chini ya maji. Uvujaji ulipungua kwa karibu moja ya tano. Maji hayo yalikuwa yamezuia kitu, na kitu hicho hakikuwa kikitoka ardhini. Tarehe 7 Agosti 1912 Victor Hess wa Austria alipanda na puto hadi zaidi ya mita 5,000 akakuta mionzi huko imezidi ile ya chini. Tuzo ya Nobel alipewa Hess mwaka 1936. Pacini alikuwa amekufa miaka miwili kabla, na vitabu vingi vya shule havimtaji.

Mimi Pacini ndiye ninayempenda kuliko wote, kwa sababu jaribio linalofanana na lake nimelishuhudia kwenye ziwa Burigi, upande wa Biharamulo.

Nilikuwa kijana, mbeba vyombo katika kikosi kimoja cha kutafuta madini. Mjiolojia wetu alikuwa na sintilomita, sanduku la kushika mkononi lenye fuwele ndani yake. Mionzi ikigonga fuwele, inatoa mwako mdogo mno ambao jicho haliuoni, na mrija maalumu unaugeuza kuwa umeme na mlio. Juu ya vilima vya Ngara, penye mwamba, mlio ule ulikuwa mfululizo kama mvua ya mawe juu ya bati. Siku moja akasema kabla ya kuendelea na kazi lazima chombo kijaribiwe, nacho hakiwezi kujaribiwa juu ya mwamba. Tukaenda Burigi kukodi mtumbwi.

Mwenye mtumbwi alikuwa mzee. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akalitazama sanduku kwa muda.

“Mwanangu, hicho ni cha kutafutia samaki?”

“Hapana, babu. Kinatafuta mawe.”

“Mawe yako mlimani. Huku unatafuta nini?”

“Nataka nikisikie kinasema nini pasipokuwa na mawe.”

Mzee alikubali jibu hilo bila swali la pili. Alitupiga kasia hadi mbali na matete, akikwepa upande aliojua una viboko. Maji ya kina cha mita kadhaa yanazuia karibu mionzi yote ya ardhi iliyo chini yake. Nilikaa katikati ya mtumbwi, sanduku likiwa mapajani. Ule mfululizo ulikuwa umekwisha. Ilibaki milio ya mmoja mmoja, mingine ikifuatana, mingine ikichelewa hadi nikadhani betri imekufa. Mjiolojia aliitazama saa yake ya mkononi, akahesabu, akaandika namba kwenye daftari la kijani la kazini. Alinieleza kwamba milio mingine inatokana na gesi iliyomo hewani na hata na chombo chenyewe, lakini sehemu yake inashuka kutoka juu na haizuiliki, kwa hiyo katika kila tutakachopima mlimani tutaitoa kwanza namba hii. Nikamuuliza juu ni wapi. Akanyoosha kidole juu bila kusema kitu, akarudi kwenye daftari lake.

Kwake yeye zile zilikuwa takataka za kuondoa kwenye hesabu. Kwangu ndizo zilizonipa hamu ya kusoma, na nimezisoma tangu hapo, kitabu kwa kitabu, kila nilipopata cha kuazima.

Sehemu kubwa ya chembe zenye chaji zinazotufikia chini huitwa myuoni. Protoni kutoka mbali angani hugonga hewa kwenye kimo cha kilomita kumi na tano hivi, na katika vifusi vya mgongano huo huzaliwa myuoni. Inafanana na elektroni ila ni nzito karibu mara 207. Carl Anderson na Seth Neddermeyer waliigundua Marekani mwaka 1936. Maisha yake ni mafupi: wastani wa mikrosekunde 2.2. Kwa hesabu za kawaida, hata ikienda kwa mwendo wa karibu na ule wa nuru ingepaswa kufa baada ya mita zipatazo 660. Inafika chini kwa sababu ile aliyoieleza Einstein, kwamba saa ya kitu kinachokwenda kasi namna hiyo huenda polepole ukiilinganisha na yetu. Kiganja cha mkono ukikilaza, hupitiwa na myuoni moja hivi kila sekunde. Hupita kwenye bati la nyumba, kwenye kiganja, kwenye sakafu, na kuendelea ardhini.

Kwa watu wanaotengeneza vigunduzi vya chembe, myuoni ni neema. Anayebuni chombo kipya hawezi kukiamini mpaka akione kikifanya kazi, na mashine za kurushia chembe ni ghali na zina foleni. Myuoni haina foleni wala gharama. Utaratibu wake ni huu: chombo kipya unakiweka katikati, juu yake kigunduzi kimoja unachokiamini na chini yake kingine. Vile viwili vikilia kwa wakati mmoja, una hakika kwamba kitu kimepita kutoka juu hadi chini, kwa hiyo kimepita katikati pia. Hapo unakiuliza kile kipya: je, umekiona? Kikisema ndiyo mara 98 katika 100, umeijua sifa yake. Hata ATLAS, kigunduzi kikubwa cha maabara ya CERN kilicho chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kilijaribiwa hivyo mwaka 2008 kabla ya migongano ya kwanza ya protoni.

Aliyetupa njia nzuri ya kutambua “wakati mmoja” ni Rossi yuleyule. Mwaka 1930, akiwa bado Arcetri karibu na Firenze, alichapisha sakiti ya valvu iliyotoa ishara pale tu mirija miwili, mitatu au zaidi ilipolia pamoja. Mjerumani Walther Bothe alikuwa ametangulia na yake, lakini ya Rossi ilikuwa na kasi zaidi na ilikubali mirija mingi. Panga mirija mitatu kwenye mstari mmoja na una darubini ya chembe: inasikia zile tu zinazokuja kutoka upande ulioielekeza.

Sasa turudi Asmara. Kulikuwa na ubishi mkubwa. Robert Millikan wa Marekani alishikilia kwamba mionzi ya kosmiki, yaani hii itokayo angani, ni aina ya nuru kali isiyo na chaji. Rossi na wengine walidhani ni chembe zenye chaji. Dunia ni sumaku, na sumaku hupinda njia ya chaji lakini haigusi nuru. Rossi alipiga hesabu akaona kwamba kama ni chembe za chaji ya aina moja, basi zitakuja nyingi zaidi kutoka upande mmoja: magharibi ikiwa ni chanya, mashariki ikiwa ni hasi. Karibu na ikweta ndipo sumaku ya dunia inapozipinda zaidi, na mlimani ndipo palipo na hewa kidogo ya kuzizuia. Ukitafuta koloni la Italia lililokuwa na sifa zote mbili, unapata Asmara.

Safari ilichelewa, na uchelewaji huo ulimgharimu. Miezi michache kabla, Thomas Johnson na, kwa upande mwingine, Arthur Compton na mwanafunzi wake Luis Alvarez walikuwa wamepima Mexico na kutoa jibu. Rossi alithibitisha lilelile kwa namba kubwa zaidi: mirija ikielekezwa magharibi ilihesabu karibu robo zaidi ya ilipoelekezwa mashariki. Chembe zina chaji, na nyingi ni chanya. Baadaye ilijulikana kwamba ni protoni.

Lakini jambo la Asmara ninalolithamini zaidi halikuwa kwenye mpango wa safari. Lilitokea walipokuwa wakijaribu chombo chao. Mirija miwili inaweza kulia pamoja kwa bahati tu, kila mmoja ukiwa umepitiwa na chembe yake. Ili kuipima bahati hiyo waliitawanya mirija isikae kwenye mstari mmoja, kwa hiyo chembe moja isingeweza kuipita yote. Milio ya pamoja ilipaswa kuwa michache, sawa na hesabu ya bahati. Ikawa mingi kuliko hesabu hiyo. Mtu mwenye haraka angelaumu waya uliolegea. Rossi aliandika kwamba inaonekana mara kwa mara hufika makundi ya chembe yaliyotanda, yanayogonga mirija iliyo mbalimbali kwa pamoja. Hakupata muda wa kulifuatilia. Mwaka 1938 Pierre Auger wa Ufaransa aliyaona makundi hayo kwa upya na kuyachunguza kwa kina, na leo kituo kikubwa cha utafiti kule Argentina kina jina lake. Watu wa fani wanajua kwamba dalili ya kwanza iliandikwa kutokana na vipimo vya Asmara. Wanafunzi wa Afrika Mashariki hawaambiwi, na nadhani ni hasara yetu.

Katika nilichosoma sijakutana na jina la Mweritrea hata mmoja aliyebeba mirija ile, aliyejenga kibanda au aliyekesha akilinda. Kazi hiyo naijua kwa mabega yangu, na najua haikufanywa na wageni wawili peke yao.

Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitunga sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Rossi, profesa wa Padova aliyesimamia ujenzi wa taasisi ya fizikia ya huko, alifukuzwa kazi. Alipitia Copenhagen na Manchester, akafika Marekani mwaka 1939. Huko alipanda mlima Evans, Colorado, kuthibitisha kwamba myuoni hufa njiani, na miaka michache baadaye, akiwa na Norris Nereson, aliupima urefu wa maisha yake kwa usahihi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi Los Alamos, palipotengenezwa bomu la atomu, halafu akaenda chuo cha MIT. Mwaka 1959 alimshauri kijana mwingine wa Kiitalia, Riccardo Giacconi, ajaribu kupima eksirei zinazotoka kwenye nyota. Hewa huzizuia, hivyo lazima chombo kitoke nje ya hewa. Tarehe 18 Juni 1962 roketi yao ilikaa juu dakika chache tu na kuona chanzo cha eksirei nje ya mfumo wa jua letu, kile kinachoitwa Scorpius X-1.

Roketi haitoshi, kwa kuwa inarudi. Ilihitajika setilaiti, na hapo ndipo habari inaporudi kwetu kwa mara ya pili.

Kaskazini mwa Malindi, mbele ya kijiji cha Ngomeni, Chuo Kikuu cha Roma kilikuwa kimesimamisha majukwaa baharini chini ya uongozi wa Luigi Broglio: San Marco la kurushia roketi na Santa Rita la kuongozea. Setilaiti ya kwanza kurushwa hapo iliondoka tarehe 26 Aprili 1967. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliinua setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei peke yake. Marjorie Townsend wa NASA, aliyeongoza mradi, aliipa jina Uhuru.

Kwa nini Ngomeni? Roketi ikirushwa mashariki kutoka ikweta husaidiwa na mzunguko wa dunia, hilo linajulikana. Sababu ya pili ndiyo inayonifurahisha. Kigunduzi cha eksirei ni dada wa mirija ya Geiger, na adui yake ni mionzi ya kosmiki ambayo hukipita na kujifanya ishara ya nyota. Sumaku ileile iliyompeleka Rossi Asmara huzifukuza chembe nyingi zisifike karibu na ikweta. Chombo kinachozunguka juu ya ikweta hukaa mahali penye utulivu. Kile ambacho Rossi alikwenda kukipima mwaka 1933, Giacconi alikitumia kama kinga mwaka 1970. Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Novemba 1972, hapohapo ilirushwa setilaiti ya SAS-2 ya kupima miale ya gama. Ilifunikwa na kuba la plastiki linalomulika likipitiwa na chembe yenye chaji, ili kila kinachogusa kuba kikataliwe kwenye hesabu. Ni kazi ya mjiolojia wetu wa Burigi, ikifanywa na mashine.

Uhuru ilizunguka kwenye kimo cha kilomita 530 hadi 570, njia yake ikiwa na mwinamo wa digrii tatu tu kutoka ikweta. Maana yake haikuvuka kamwe digrii tatu kaskazini wala kusini. Jukwaa la San Marco liko karibu digrii tatu kusini. Ngara na Biharamulo ziko digrii mbili na nusu na kidogo, karibu mstari mmoja nalo. Setilaiti iliondoka Kenya kuelekea Bahari ya Hindi, ikaizunguka dunia kwa muda wa dakika 96 hivi, ikarudi kwa njia ya Atlantiki na Kongo. Kabla ya kufika tena pwani ilipaswa kupita kwetu. Kutoka longitudo ya Ngara hadi ya Malindi ilitumia kama dakika tatu. Kila siku, mara kumi na nne hivi, ilipita anga la Kagera au karibu nalo, mara juu ya vichwa vyetu, mara kaskazini upande wa Bukoba na mbele yake, huku sisi tukichunga, tukilima na kuvua.

Kazi yake ilidumu hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei, na ndiyo iliyoelekeza macho ya watu kwenye Cygnus X-1, nyota iliyofungamana na kitu kizito kisichoonekana, shimo jeusi la kwanza kukubalika kwa watafiti wengi. Giacconi alipata Nobel mwaka 2002. Rossi alikuwa amefariki mwaka 1993 bila kuipata. Setilaiti yenyewe iliungua hewani tarehe 5 Aprili 1979, wakati Kagera ingali na majeraha ya vita vya Amin.

Yule Luis Alvarez aliyetangulia Mexico naye aliishia Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliweka vigunduzi vya myuoni chini ya piramidi ya Khafre, Misri, akahesabu zilizopenya mawe kutoka kila upande, maana penye chumba cha siri zingepita nyingi zaidi. Hakuna chumba kilichoonekana, lakini njia ilithibitika. Mwaka 2017 watafiti waliotumia njia hiyo waliona uwazi mkubwa usiojulikana katika piramidi ya Khufu. Nchini Kanada njia hiyo imekwisha kujaribiwa ndani ya mgodi kutafuta madini mazito, kwa kuwa mwamba mzito humeza myuoni nyingi kuliko mwepesi.

Hapa Ngara tuna nikeli ya Kabanga, ambayo Umoja wa Mataifa uliipekecha kwa mashine miaka ya 1970. Ile yenye salfa nyingi ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya mwamba unaoizunguka, na mpango ni kuichimba kwa mahandaki ya chini ya ardhi. Nimewaambia wajukuu wangu wasikubali kuwa wabeba vyombo tu siku hizo. Yule wa kidato cha nne ameniuliza vigunduzi vingapi vingetosha chini ya kilima kimoja, na kwa muda gani, na bado tunapiga hesabu hiyo pamoja jioni.